Pesa Iliyokaa kwa Kijumbe

Kwa siku tano mwaka ule sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya karatasi moja, ndogo kama kiganja, niliyokuwa nimeikunja mara nne na kuificha ndani ya kitabu changu cha takwimu. Haikuwa na neno hata moja nililoweza kulisoma. Ilikuwa na maandishi ya Kichina, na chini yake michoro mitatu: sanduku lililosimama wima, plagi iliyochorwa mistari miwili ya kukataza, na saa ya ukutani yenye tarakimu ishirini na nne pembeni. Kila nilipogeuka kitandani kichwa kiliuliza swali lilelile. Nikisema, nani ataumia? Nikinyamaza, nani ataumia? Nilikuwa na shahada ya biashara, chumba kimoja cha kupanga Mbagala, na kipaji cha kutunga majibu kumi na mawili ya swali moja na kuyakataa yote kabla ya adhana ya alfajiri. Leo nina mvi, na watoto wangu wanajua kwamba mama yao husimama dakika kumi mbele ya rafu ya sabuni. Lakini sijawahi kuwaeleza habari za ile karatasi. Nilidhani nimeisahau.

Iliyonirudishia habari hizo ni chupa ya chai. Mwaka jana nilikwenda Guangzhou kumwona binti yangu anayesoma huko, na Lin akakataa katakata nisilale hotelini. Lin nilifanya naye kazi Dar tulipokuwa wote hatujafika miaka thelathini. Tangu hapo tulikuwa tunaandikiana tu, barua kwanza, halafu simu. Asubuhi ya kwanza nilishuka peke yangu sokoni chini ya jengo lao ninunue mboga, ili nisiwe mgeni wa kukaa tu. Nilichagua fungu langu, nikampa mama muuzaji noti. Aliiangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu. Hakuwa na chenji. Akamwita jirani yake wa vitunguu, hakuwa na chenji. Yule wa samaki, hakuna. Nyuma yangu kijana mmoja alinyoosha simu yake kuelekea kikaratasi cha vidoti vyeusi kilichoning'inizwa pamoja na vitunguu saumu, simu ikalia, akaondoka na mboga zake hata mkono hajautia mfukoni. Mwishowe yule mama alinisukumia fungu langu pamoja na noti yangu, akanipungia niende. Mimi, mwenye duka la jumla Tegeta, nilipewa mboga za sadaka kwa sababu nilikuja na pesa taslimu. Nilipanda ngazi masikio yanawaka moto.

Juu nilimkuta mama yake Lin mezani, kikongwe wa miaka themanini na kitu, simu ikining'inia shingoni kwa kamba kama funguo za mtoto wa shule. Mbele yake kulikuwa na boksi lililofika muda huohuo kwa pikipiki. Alilipasua, akatoa chupa ya chai mpya, nyekundu, yenye maua. Akaitegesha sikioni. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, akasikiliza. Akaigeuza, akaigonga tena chini. Kisha akafungua kifuniko na kunusa. Ndipo akaishika simu, akabonyeza, akasoma kilichoandikwa, akabonyeza tena, akatabasamu. Nikamuuliza Lin anafanya nini.

"Anamruhusu muuzaji achukue pesa yake," Lin alisema kwa Kiswahili chake kilekile cha Mbagala. "Alishalipa juzi. Lakini muuzaji hajaipata. Pesa inakaa katikati, mpaka mama aseme kimefika na ni kizima. Na hapo simu inamuuliza tena: una uhakika?"

"Inakaa katikati kwa nani?"

Lin alinitazama, akaanza kucheka kabla sijamalizia kuelewa. "Kwa kijumbe, Upendo," alisema. "Kwa kijumbe!"

Nilivuta kiti nikakaa. Nchi nzima ya watu wale, mabibi na vijana, wananunua viatu na dawa na samaki wazima kutoka kwa watu wasiowajua, katika miji ambayo hawajawahi kuikanyaga, na kitu kilichomfanya kikongwe huyu aamini ni kilekile alichokidai Bi Mwanahawa wa Mbagala kwenye kibaraza chake, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, akimenya ukwaju. Lin aliacha kucheka, akamuulizia Bi Mwanahawa kwa jina lake la utani, "Bibi Barafu hajambo?" Nikamwambia tulimzika kabla ya mwezi wa Ramadhani. Akamtafsiria mama yake, na yule kikongwe akaisogeza ile chupa mpya mbele yangu, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Labda nilikuwa.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata mvua kubwa zilizokata barabara. Nilikuwa nimemaliza chuo, na ajira za serikalini ambazo kaka zetu walizikuta zinawasubiri hazikuwapo tena. Badala yake mji ulikuwa umejaa vitu. Miaka michache nyuma tulipanga foleni ya sukari. Sasa Kariakoo ungepata pasi za aina saba, na hakuna aliyejua ipi itaungua kesho. Ndiyo maana kila mtu alijaribisha. Muuzaji aliyekuwa na akili aliweka waya na soketi mezani, na taa ya bei ndogo kabisa ilichomekwa ikawaka mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa. Mtu aliyekwambia "nenda nayo tu, ni nzima" alikuwa ameshajitangaza kuwa mwizi.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, ya Kichina, kwenye godauni moja barabara ya Pugu. Haikuwa na bidhaa za kujaribisha. Ilikuwa na albamu. Picha za rangi za friza, cherehani, mashine za kusaga, kila moja na namba yake. Mteja anachagua namba, analipa yote, Lin anapeleka oda kwa faksi, na baada ya miezi mitatu kontena linaingia. Bei ilikuwa karibu nusu ya bei ya Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Temeke na albamu kwapani nikiwaeleza watu walipie picha. Kwa miezi miwili hakulipa mtu. Walinikaribisha, wakanipa maji, wakaifungua albamu kama ya harusi. "Huyu bwana harusi friza ni mzuri," mama mmoja wa Mtoni aliniambia, "ila mie siolewi na picha." Nilirudi ofisini nikaandika ripoti ya kurasa nne kuhusu tabia za mlaji. Lin aliisoma yote, akaiweka chini ya chupa yake ya chai ili isimwage maji mezani.

Tulikula pamoja mchana, mlango wa godauni ukiwa wazi tupate upepo. Mimi nilikuwa na chapati na maharage ndani ya kopo la siagi. Yeye wali mweupe na majani ya mboga yaliyotiwa chumvi, na maji ya moto matupu, hata siku za joto la kuua. Nilimwambia watu wetu ni wagumu, hawajaendelea, hawawezi kulipia wasichokiona. Lin aliweka vijiti vyake chini.

"Kwani kwetu wanalipia?" alisema. "Mama yangu akinunua chupa ya chai anaigonga. Anazigonga zote dukani, mpaka wanamfukuza. Anasikiliza. Siku hizi mshahara wake unapitia benki, wamempa kadi. Siku ya mshahara anakwenda alfajiri, anatoa zote, anazishonea kwenye godoro. Anasema kadi haina uso, utaigombezaje?" Alikula kidogo, akaendelea. "Kuna vijana huko wanasema watu watanunua kwa kompyuta. Mama alivyosikia alicheka mpaka akakohoa."

Nami nilicheka. Tulikuwa wasichana wawili tunaomcheka mama wa Kichina asiyeamini kadi, na hakuna hata mmoja wetu aliyehisi kwamba alikuwa anasimulia mwanzo wa jambo.

Bi Mwanahawa alikuwa mwenye nyumba wangu: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yeye na wajukuu chumba cha mbele, mimi cha mwisho karibu na uani. Aliuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, lakini alizigandisha kwenye friza ya mtu mwingine mtaa wa tatu, akilipa kwa mwezi, na yule mtu alikuwa anazila. "Nikizihesabu hazitimii," alilalamika. "Mtu mzima na ndevu zake, analamba barafu za watoto." Friza yake mwenyewe ndiyo ilikuwa ndoto yake. Zamu yake ya kupokea pesa ya mchezo wa akina mama ilikuwa imekaribia. Kijumbe wa mchezo huo, yaani mwenye kukusanya michango na kumkabidhi mwenye zamu, alikuwa Bi Chausiku muuza mkaa, mwanamke mrefu mwenye viganja vyeusi ambavyo haviwezi kutakata tena. Hakuwa na daftari. "Mie sijui kusoma," alijigamba, "ndiyo maana sikosei."

Zamu ilipofika, jioni moja Bi Mwanahawa aliniomba albamu. Akapekua, akaweka kidole kwenye friza namba ishirini na moja. "Hii. Mlete huyo Mchina wako."

Lin alikuja siku ya pili, akavua viatu barazani, akasema shikamoo. Bi Mwanahawa alimpa juisi ya ukwaju na kumtazama anywe mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, mie taa ya shilingi mia tatu naijaribu dukani, sembuse hili sanduku. Pesa ninayo. Wewe sikupi."

Lin alinigeukia, akadhani hakusikia vizuri.

"Tulia nimalize. Sikupi wewe, na mie sikai nayo, maana nikikaa nayo utasema kesho nitabadilika. Inakaa kwa Chausiku. Wewe utaiona, utajua ipo. Leta friza. Siku nikiona barafu kwa macho yangu, barafu, si baridi, Chausiku anakupa yote. Nisipoiona, ananirudishia."

"Kampuni haikubali," nikadakia haraka. Nilikuwa nimeshaona matatizo sita.

"Sijakuuliza wewe, msomi."

Lin alifikiri kwa muda uliotosha kumaliza bilauri ya pili. Akakubali. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba meneja alikataa, kama nilivyosema, na Lin akaiandika oda kwa jina lake mwenyewe, kama mnunuzi, ikatwe kwenye mshahara wake pesa isipoingia. Mshahara uleule aliokuwa akimtumia mama yake wa godoro. Alifanya hivyo kwa sababu mteja mmoja Mbagala akigandisha barafu mtaa mzima ungeagiza. Ripoti yangu ya kurasa nne haikuwa na wazo kama hilo.

Friza ilifika baada ya miezi mitatu na nusu. Lin alikuwa bandarini na makontena mengine, hivyo niliisindikiza mimi, kwenye pikapu iliyobeba pia magodoro na mabati. Ili vyote vienee, wapakiaji waliilaza friza ubavu. Niliwaona. Sikuona tatizo. Tulipofika Kizuiani nilivuta bahasha iliyobandikwa kwenye kifuniko, kwa uchokozi wa mikono tu, ndani nikakuta ile karatasi. Sanduku limesimama. Plagi imekatazwa. Saa, ishirini na nne. Hata mtu asiyejua herufi angeelewa: baada ya safari isiwashwe mpaka siku nzima ipite.

Sasa nieleze kwa nini sikusema, maana hili ndilo nililojisemea moyoni kwa siku tano. Mwezi mmoja kabla, kijana mmoja mtanashati alipita mtaani kwetu na redio mpya kwenye maboksi. Aliwaambia watu, "Msiziwashe leo, betri zinapumua, washeni kesho." Watu watatu walinunua. Kesho yake walifungua boksi wakakuta tofali la udongo limefungwa kwenye gazeti. Mtaa mzima ulikuwa bado unaimba maneno hayo. Mtoto akichelewa kurudi dukani aliambiwa, "Unapumua kama betri?" Na mimi niliyekuwa nafika na boksi kubwa kuliko yote niseme, jamani, msiwashe leo, washeni kesho? Nilijiona nikitamka. Nilizisikia kelele. Nikawaza labda karatasi inahusu nchi za baridi. Nikawaza labda ishirini na nne ni nyuzi joto. Nikawaza nimsubiri Lin. Pikapu ikasimama, nami bado nawaza.

Kibarazani palikuwa pamejaa. Wanaume wanne waliibeba, wakaisimamisha, na pale pale sauti zikaanza: "Washa tuone!" "Bi Mwanahawa, jaribisha mapema, Mchina asije akakimbia!" Bi Chausiku alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, kopo la biskuti lenye pesa mapajani, kama hakimu. Bi Mwanahawa alifuta plagi kwa upindo wa kanga, akanitazama, na namkumbuka alivyoniuliza, kwa upole kabisa, "Nichomeke, mwanangu?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Taa ndogo nyekundu iliwaka. Watu wakapiga vigelegele. Mota ikanguruma, ikapanda, ikakwaruza kama jiwe kwenye sufuria, na ikanyamaza. Ikajaribu tena, ikatoa mkwaruzo mfupi. Harufu ya waya ulioungua ikatujia puani. Vigelegele vilikatika katikati, kana kwamba mtu amevizima. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Bi Mwanahawa hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, mkono kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Imekufa mikononi mwangu."

"Debe la Wachina!" mtu akapaza sauti, na baraza lote likaripuka.

Lin alifika siku iliyofuata. Alipiga magoti nyuma ya friza, akaigusa mota, akanusa. Alipoinuka uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Aliniuliza mbele ya Bi Mwanahawa, taratibu: "Upendo, njiani ililala ubavu?"

"Hapana," nikasema. "Ilisimama."

Lilitoka lenyewe. Nililisikia kama limesemwa na mtu aliye nyuma yangu, na nusura nigeuke nimtazame. Kunyamaza kwangu kwa mwanzo kulikuwa woga. Hili lilikuwa jingine. Tangu hapo usingizi ukaisha. Nikisema kweli, Bi Mwanahawa atakuwa ameiua mwenyewe kwa kuiwasha mapema. Atalipa sanduku bovu kwa zamu ya mchezo aliyoisubiri mwaka mzima. Nikinyamaza, atarudishiwa pesa yake, na Lin atakatwa mshahara mpaka asahau ladha ya mboga. Nilichukua karatasi nyingine nikaigawa safu mbili, faida na hasara, kama tulivyofundishwa. Safu zote mbili zilijaa. Mchana Lin alikula wali mtupu, bila hata yale majani ya chumvi, na akanimiminia mimi maji ya moto kwanza. "Labda ni kiwanda," alisema. "Samahani nimekuingiza kwenye matatizo." Nikainuka, nikaenda kuitema chapati nyuma ya godauni.

Siku ya sita asubuhi Bi Chausiku alituita uani kwake, kati ya magunia ya mkaa, ili kulimaliza shauri la friza. Tulikuwa wanne: yeye, Bi Mwanahawa, Lin na mimi. Alifungua kopo, akaliweka juu ya gunia. Kijumbe yule alikuwa na utaratibu wake, na wanawake wa mchezo waliuheshimu kama sala: pesa haitoki kwenye kopo mpaka aulize mara tatu kama kuna mwenye neno.

"Barafu haikuonekana," alisema. "Pesa inarudi kwa mwenyewe. Kuna mwenye neno?"

Lin alitikisa kichwa. Bi Mwanahawa alikuwa anaangalia chini. Wala hakuwa na uso wa mtu anayerudishiwa kitu.

"Kuna mwenye neno?"

Kichwa changu kikaanza kazi yake. Subiri kwanza. Labda umwambie Lin pembeni. Labda uandike barua.

"Mara ya mwisho. Kuna mwenye neno?"

"Mimi," nikasema.

Nilitoa karatasi nikaikunjua mikunjo yake yote minne, nikaiweka juu ya kopo. Nikasema friza ililazwa ubavu tangu Pugu hadi Mbagala na niliona. Nikasema karatasi hii niliiona kabla ya kufika. Nikasema nilipoulizwa nilidanganya. Nilimaliza haraka kuliko nilivyotegemea. Siku tano zote zile zilitoshea kwenye sentensi tatu. Lin hakunitazama. Aliichukua karatasi, akaisoma moyoni, kisha akaitafsiri kwa sauti isiyo na kitu ndani yake: "Baada ya safari, iache ipumzike siku moja. Mafuta ya mota yarudi mahali pake."

Bi Chausiku alikuwa ameshafunika kopo.

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Ningesema msiwashe mpaka kesho, Bi Mkubwa. Mngesema ni yale ya redio."

Alinikazia macho kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayemwona mpangaji wake kwa mara ya kwanza. "Si ungesema kama alivyosema huyu? Imetoka safari, ipumzike. Kwani mgeni akishuka melini tunamvuta mkono acheze ngoma? Tungeingia ndani tukala wali, basi." Akaguna. "Miaka yote hiyo shule, mwanangu. Kumbe mdomo hawakukufundisha."

Jambo hilo lilinishtua kuliko mota ilivyokufa, na linanishtua mpaka leo. Katika majibu yangu yote kumi na mawili, lile halikuwamo.

Nikasema mota mpya nitailipa mimi, na pesa ya Bi Mwanahawa ikae ilipo mpaka barafu ionekane. Bi Chausiku akamtazama Lin, Lin akakubali kwa kichwa, bado hanitazami. Ilimchukua muda kunisamehe, na ilikuwa haki yake. Kopo likarudi chini ya kigoda. Kabla jua halijawa kali nilikuwa godauni, nikamwandikia meneja barua ya mistari mitano, si kurasa nne, kwamba mshahara wangu ukatwe. Friza ilipelekwa kwa fundi wa Temeke, akapata mota iliyotumika, akaipaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Friza ilirudi Mbagala siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Nilisimama kwenye bodi ya pikapu njia nzima nikiishika isiegemee, na hata hivyo katika mashimo ya Mtoni ilielemea upande mara mbili. Watu walikuwa wamejaa barazani kuliko siku ya kwanza, wakaniona nikishuka, wakaanza, "Washa! Washa tuone leo inakufaje!" Mtu alishaushika waya. Nilimnyang'anya.

"Leo haiwashwi," nikasema. "Imetoka safari. Imechoka."

"Inapumua!" mmoja akadakia, na baraza zima likaangua kicheko. "Dada, inapumua kama betri?"

"Ndiyo," nikasema. "Inapumua."

Waliniita tapeli, msomi wa tofali, mke wa Mchina. Nilipanda juu ya kifuniko nikaketi, plagi nikaifunga kwenye pindo la kanga niliyojitanda. Bi Mwanahawa alitoka ndani na sahani ya wali, akaniwekea mapajani, kisha akawageukia watu akawaambia waende makwao, mgeni amelala.

Nilikula pale pale juu. Sikushuka.